Shemeji anakwenda Dubai baada ya wiki tatu: ninunue vifaa vya kompyuta ya gemu sasa au nisubiri?

Shikamoo mshauri,

Naomba uitoe barua hii bila jina langu. Nina miaka 29, naishi Mbagala, Dar es Salaam, nina mke na mtoto mmoja. Kwa miaka minne sasa najipanga kujenga kompyuta ya gemu. Ninayotumia ni Dell ya ofisini niliyoinunua ya mtumba: prosesa ni i5-3470, RAM 8GB ya DDR3, na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya 4GB niliyoiongeza mwenyewe. Monita ni ya inchi 24, 1080p, 60Hz. Usiku mtoto akishalala tunacheza GTA V na EA FC 24 mimi na mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo. FC inakwamakwama kiasi kwamba kwenye mpira wa kona tunafunga macho.

Mwaka 2022 nilisema nisubiri kadi zishuke bei. Ziliposhuka nikasema nisubiri vifaa vya AM5, soketi mpya ya prosesa za AMD, vizoeleke. Mwaka 2025 kadi mpya zikatoka, nikasema nisubiri mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka ukaja na RAM ikapaa: DDR5 ya 32GB niliyoiulizia Julai kwa laki tatu na nusu, sasa naambiwa laki tisa na themanini.

Mwezi huu nimepokea mchezo wa kazini. Nikijumlisha na akiba nina 2,900,000. Orodha niliyoandikiwa Kariakoo ni hii: Ryzen 5 7600 kwa 560,000, ubao mama wa B650 kwa 420,000, RAM 32GB kwa 980,000, kadi ya RX 9060 XT ya 16GB kwa 1,180,000, SSD ya 1TB kwa 320,000, kesi 150,000. Jumla 3,610,000. RAM ya 16GB wameniandikia 520,000. Kwa mwezi naweza kuweka laki moja na nusu. Pawa saplai ya wati 650 ninayo, niliinunua Agosti mwaka jana na bado iko kwenye boksi lake.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, hufuata mzigo Dubai na anaondoka baada ya wiki tatu. Anasema nimpe pesa yote aniletee kila kitu, nitaokoa. Rafiki yangu mmoja anasema kununua RAM kwa bei hii ni kujiibia, nikae mwaka mmoja tu itarudi. Mwingine anasema hakuna haja ya kujenga chochote mpaka GTA VI itoke. Mke wangu hapingi, ila ameniambia: "Pesa ikikaa itajitafutia kazi." Na anajua anachosema, kwa sababu mwaka juzi nilikuwa na milioni moja na nusu ya kompyuta hii hii, ikaenda kwenye bati za nyumba ya mama. Sijutii hata kidogo, lakini nilianza upya.

Ninunue vyote, ninunue kidogokidogo, nimpe shemeji, au nisubiri? Nimechoka kuwaza.

Msubiri, Mbagala

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umeandika kwa mpangilio mzuri, hadi bei ya kila kifaa, na hilo limerahisisha kazi.

Nikiisoma barua yako naona umefunga maswali matatu kwenye kifurushi kimoja. Moja ni lini bei zitashuka. La pili ni lini vifaa utakavyonunua vitapitwa na wakati. La tatu ni kwa muda gani milioni mbili na laki tisa zitabaki kuwa pesa za kompyuta. Marafiki zako wanabishana juu ya mawili ya kwanza. Mkeo peke yake ndiye aliyeligusa la tatu, na ndilo ambalo wewe una uwezo nalo zaidi.

Tuanze na RAM, kwa kuwa ndiyo iliyokuvuruga. DRAM, yaani chipu za RAM, nyingi duniani hutoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Vituo vya akili mnemba vinahitaji kumbukumbu nyingi, hasa ile ya aina ya HBM inayokaa kando ya chipu zao, na HBM inakula sehemu kubwa ya uzalishaji wa viwanda hivyo hivyo vinavyotupa DDR5. Kiwanda kinachopata faida kubwa kwa mteja mmoja hakina haraka na sisi wa kununua vijiti viwili. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaachana na biashara ya rejareja ya Crucial, jina ambalo wengi tumelizoea madukani. Kiwanda kipya cha chipu nacho ni kazi ya miaka. Kwa hiyo rafiki yako anayesema "mwaka mmoja tu" nakuomba umuulize ameutoa wapi huo mwaka. Bei ya kumbukumbu hupanda na kushuka, hilo ni kweli tangu zamani. Lakini kupanda kwa safari hii hakufanani na kule kwa kadi za grafiki kati ya 2020 na 2022. Wakati ule wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wanazinyakua, na Septemba 2022 Ethereum ilipobadili mfumo wake, uchimbaji kwa kadi ukakosa faida na kadi za mitumba zikamwagika sokoni. Aliyesubiri mwaka ule alipata. Safari hii hakuna tarehe kama ile ya kuishika.

Rafiki wa pili ana hoja inayovutia, ila ina shimo. GTA VI imepangiwa tarehe 19 Novemba 2026, na tarehe hiyo ni ya PlayStation 5 na Xbox Series. Toleo la kompyuta halijatangaziwa tarehe. GTA V ilitoka kwenye konsoli Septemba 2013, ikafika kwenye kompyuta Aprili 2015. Ukimsikiliza rafiki huyu huenda ukakaa hadi mdogo wako yuko mwaka wa pili chuoni, nanyi bado mnafunga macho kwenye kona.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuliuliza. Hiyo orodha inajengwa kwa ajili ya skrini gani? Monita yako ni 60Hz. Kadi ikitoa fremu 140 kwa sekunde, wewe utaonyeshwa 60. Kwa gemu unazozitaja, kwa 1080p, RX 9060 XT ya 16GB itakuwa na nguvu nyingi inayokaa bure mpaka siku utakapobadili monita. Sisemi ni kosa. Kadi yenye 16GB ina pumzi ya miaka mbele, na gemu mpya kadhaa tayari zinabanwa na 8GB picha zikiwekwa juu kabisa. Nasema tu kwamba umechagua kifaa cha kesho na unakililia kwa tatizo la leo. Matatizo hayo mawili si lazima yatatuliwe siku moja.

Na hapo ndipo njia ya kidogokidogo inapobadilika sura, maana kuna kidogokidogo cha aina mbili. Kipo kile cha kuokota kifaa chochote chenye bei nzuri mwezi huu na kingine mwezi ujao, na hicho umeshakionja: pawa saplai yako imekula miezi ya waranti ikiwa kwenye boksi. Ukinunua ubao mama mwezi huu na prosesa baada ya miezi minne, siku utakayogundua ubao ni mbovu duka litakuambia muda umepita. Prosesa, ubao na RAM hupimana vyenyewe kwa vyenyewe, kimoja bila wenzake hakikuambii kitu.

Kidogokidogo cha pili ni cha mafungu. Fungu la kwanza ni prosesa, ubao, RAM, SSD na kesi, vikichukuliwa siku moja na kuwashwa siku hiyo hiyo. Kwa orodha yako hilo ni 2,430,000 ukichukua RAM 32GB, au 1,970,000 ukichukua 16GB. GTX 1050 Ti yako unaihamishia humo. Hutumia umeme usiozidi wati 75 moja kwa moja kutoka kwenye ubao, kwa hiyo mara nyingi haihitaji hata waya wa pawa. Kukwama kwa FC kunatokana kwa sehemu kubwa na i5 yenye umri huo na RAM 8GB, kwa hiyo utaiona tofauti kabla hujanunua kadi mpya. Fungu la pili ni kadi. Ukiwa na 32GB unabakiwa na 470,000, na kwa laki na nusu kila mwezi unaifikia 1,180,000 baada ya miezi mitano. Hatari yake ni kwamba kadi nazo zinabeba kumbukumbu, kwa hiyo bei yake yaweza kupanda humo katikati. Na kinyume chake, yaani kununua kadi sasa na kuichomeka kwenye Dell, kina ugumu wake: RX 9060 XT inadai waya wa pini 8 ambao pawa ndogo ya Dell kwa kawaida haina, na prosesa ile itaibana sana.

Kwenye hiyo 16GB au 32GB naomba tukae kidogo, kwa sababu tofauti ni 460,000 na watu wengi huumia hapa. Ukichukua vijiti viwili vya 8GB leo kwa nia ya kuongeza viwili vingine bei ikishuka, ujue AM5 haipendi vijiti vinne. Vikiwa viwili vinakimbia kwa kasi ya 6000 bila shida, lakini vikiwa vinne kasi rasmi ya AMD inashuka hadi 3600, na wakati mwingine mashine inagoma kuwaka mpaka upunguze mwenyewe kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya ubao. Ukichukua kijiti kimoja cha 16GB ili baadaye uongeze mwenzake, leo unapoteza njia moja kati ya mbili za kumbukumbu, na Ryzen huihisi hasara hiyo kwenye gemu. Tena kijiti utakachokipata mwakani kinaweza kuwa na chipu tofauti hata kama jina la boksi ni lile lile. Ukichukua 2x8GB na kukubali kwamba siku ya kuongeza RAM utaviuza vyote viwili na kununua 2x16GB, umelipa 520,000 kununua muda, na sehemu yake itarudi ukiviuza. Kwa gemu zako za leo 16GB zinatosha, ilimradi huachi kivinjari chenye kurasa ishirini nyuma yake. Ipi kati ya hasara hizi unaweza kuibeba bila kununa, wewe ndiye unajua.

Kuhusu kupitwa na wakati nakutuliza kidogo. Soketi ya AM5 ilitoka Septemba 2022, na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Ubao utakaonunua leo unaweza kupokea prosesa kali zaidi baadaye kwa kusasisha BIOS tu. Kusubiri kizazi kijacho kwa hofu ya kufungiwa nje kuna uzito mdogo hapa kuliko ungekuwa nao kwenye soketi inayoelekea mwisho. Upande mwingine, hiyo Dell haina nafasi ya kukaa milele: Windows 10 iliishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-3470 haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11.

Sasa shemeji. Hili ni jambo la undugu kabla halijawa la vifaa, na nalisema kwa heshima ya nyumba yako. Mtaa wa Khalid Bin Al Waleed kule Bur Dubai una maduka mengi ya kompyuta yanayoshindana, VAT yao ni 5% ukilinganisha na 18% yetu, na mgeni mwenye risiti ya duka lililosajiliwa anaweza kurudishiwa sehemu yake uwanja wa ndege. Kwa hiyo anapokuambia utaokoa, huenda ni kweli. Maswali ni mengine. Amewahi kununua vifaa vya kompyuta, au mzigo wake ni wa nguo na vyombo? Anajua kwamba RX 9060 XT ya 8GB na ya 16GB zina jina moja, na boksi linatofautiana kwa tarakimu ndogo pembeni? Anajua kwamba prosesa isiyo na boksi lake la rejareja huja bila feni? Kifaa kikifa mwezi wa tatu, nani atakipandisha ndege kurudi dukani? Mzigo ukitozwa kodi forodhani, nani analipa, wewe au yeye? Na kikija kibovu, utamwambiaje shemeji yako, mbele ya mkeo, kwamba alichokuletea kwa wema hakiwaki?

Kama moyo wako bado unavutwa na safari hiyo, fikiria kugawa badala ya kumpa yote. RAM na SSD ni vidogo, vinakaa kwenye mkoba wa mkononi, haviharibiki kirahisi, na unaweza kuvipima siku hiyo hiyo akifika. RAM unaipima kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, ukiiacha imalize mzunguko mzima hata ikichukua saa kadhaa. Muandikie namba kamili ya kifaa kwenye WhatsApp, pamoja na picha ya boksi, na umwambie: isipokuwa hii, usinunue. Ubao mama ni kinyume chake. Kwenye AM5 pini ziko kwenye ubao, nyembamba kama nywele, na moja ikipinda hakuna waranti itakayokusikiliza. Huo ununue mahali ambapo unaweza kusimama kaunta, ukaomba kifuniko cha soketi kifunguliwe, ukapiga tochi ya simu kwa pembeni. Pini zilizo sawa humeta kwa mistari iliyonyooka, na iliyopinda huonekana kama doa jeusi katikati ya mng'ao. Piga picha pale pale kabla hujalipa.

Orodha yako pia ina mapengo yanayoweza kubadili hesabu. Sijaona UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. Mashine hiyo ikiwa kwenye gemu itavuta wati 300 hivi, kwa hiyo UPS ya 1000VA, ambayo mara nyingi hubeba wati 600 tu, inatosha kukupa dakika za kuzima kwa utaratibu. Sijaona leseni ya Windows. Ile iliyokuja na Dell imefungwa kwenye Dell. Na uulize kama ubao huo una Wi-Fi, maana B650 za bei hiyo nyingi hazina.

Ukiamua kusubiri, nako si vibaya, ila kusubiri kwa miaka minne iliyopita kulikuwa hakuna mpaka. Kila sababu ilipoisha ilizaa nyingine. Unaweza kusubiri kwa namna tofauti: chukua daftari, chagua maduka matatu yale yale, na kila baada ya wiki mbili andika bei ya RAM, kadi na SSD, pamoja na kiwango cha dola siku hiyo. Dola ikipanda na bei ikatulia, maana yake kifaa kimeshuka. Andika mapema, kabla hujaona bei yoyote, kiasi ambacho RAM ikifika unanunua, na tarehe ambayo isipofika unanunua vilevile au unaachana na mpango huu kwa mwaka mzima. Kaeni na mkeo muiandike pamoja. Neno lake kuhusu pesa inayokaa halikuwa la kukukataza. Huenda anaogopa kukuona ukianza upya tena, na pengine yuko radhi pesa hiyo iwe kifaa mezani kuliko iwe namba kwenye simu ambayo kila mwenye shida kwenye ukoo anaweza kuipigia. Muulize kama nimemwelewa sawa.

Jiulize pia kuhusu mdogo wako. Akienda chuo, nani atakaa kiti cha pili usiku? Kama sehemu kubwa ya hamu yako ni zile saa mbili naye, miezi iliyobaki kabla hajaondoka ina thamani ambayo haimo kwenye orodha ya Kariakoo. Kama hamu ni mashine yenyewe, miezi mitano si kitu.

Siku ya kuwasha fungu la kwanza, kama ndiyo njia utakayoichukua, nakutahadharisha kitu kimoja. AM5 ikiwashwa mara ya kwanza hujifunza RAM, na skrini hubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Watu wengi huzima kwa hofu, wakarudia, wakaenda dukani kulalamika kwamba wameuziwa kibovu. Iache robo saa. Ikiwaka, ingia BIOS uwashe EXPO, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 6000 itakimbia kwa kasi ya chini ya hapo.

Ila lipo moja lisilongoja uamuzi wowote kati ya haya, na ni ile pawa saplai. Tafuta risiti yake leo uone waranti inaisha lini. Kisha fungua Dell, chomoa umeme ukutani, uangalie plagi kubwa ya ubao. Kama ni ya pini 24, unaweza kuchomeka pawa mpya humo kwa muda: ile ya 24, nusu ya plagi ya prosesa ya 4+4, na waya wa SATA wa diski. Cheza saa mbili, ukisikiliza mlio na kunusa. Hutaifikisha kwenye mzigo mkubwa, lakini iliyokuja imekufa au inayonuka kuungua utaijua. Kama ni ya pini 8, baadhi ya Dell za ofisini ziko hivyo, usilazimishe. Ipeleke kwa fundi mwenye kipimo cha pawa, au umuombe rafiki mwenye kompyuta ya kawaida akukopeshe jioni moja. Ikionekana mbovu, rudi nayo dukani na boksi lake kabla waranti haijaisha.